Muulize Shangazi: Twende Lushoto watatu, au tumngoje wa nne?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 24, naishi Umoja, Nairobi, na nauza vipuri vya simu katika duka moja la Luthuli Avenue. Tuko marafiki wanne tangu sekondari. Tangu mwaka jana tunapanga kubeba mabegi mgongoni twende Lushoto, kule milima ya Usambara nchini Tanzania, tutembee kijiji hadi kijiji mpaka Mtae. Sasa mmoja wetu amefutwa kazi. Wenzangu wawili wanataka tusimwambie tarehe, tuende watatu, tukirudi tumweleze kwamba safari ilitokea ghafla. Moyo wangu unakataa, lakini naogopa safari isije ikafa. Au la, mmoja wao anasema, tumtafutie mkopo wa simu, atalipa akipata kazi. Na mama yangu anasema wasichana hawaendi kulala milimani bila mwanamume. Huyu mwenzetu tumfanyeje? Tupitie wapi, tubebe nini, na mama nimwambie nini? – Msomaji, Umoja*

Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo mwenzenu, kwa sababu mengine yote yanasubiri jibu lake.

Msimfiche. Picha zenu zitafika kwenye simu yake kabla nyinyi hamjateremka mlimani, na kitakachomuuma hakitakuwa kukosa safari. Kitakachomuuma ni kujua kwamba nyinyi watatu mlikaa kitako mkamtungia uongo. Mtu aliyefutwa kazi huwa tayari ana watu wengi wasiopokea simu zake. Msijiunge nao.

Mkopo wa simu nao uondoeni kabisa katika mazungumzo. Asiye na mshahara hakopeshwi kwa ajili ya matembezi, hata na marafiki wanaompenda. Riba haingoji mtu apate kazi, na deni la aina hiyo huanza kuwafanya watu wakwepane barabarani. Naandikiwa barua nyingi za marafiki waliokosana kwa pesa ndogo kuliko nauli ya Arusha.

Kaeni wote wanne, mahali pasipo na gharama, hata nyumbani kwa mmoja wenu. Muulizeni yeye kwanza: unaweza kutoa kiasi gani bila kugusa kodi ya nyumba? Kiasi atakachotaja ndicho kiwe bajeti ya kila mmoja wenu, na nyinyi wenye zaidi mkae nacho mfukoni kwa dharura. Kisha angalieni hesabu vizuri. Watatu mtahitaji vyumba viwili vya vitanda viwili, na wanne mtahitaji vivyo hivyo viwili. Kitanda cha nne mngekilipia kikiwa kitupu. Mkimwambia hivyo hatajiona mtu wa kuchangiwa, maana ni kweli. Kinachobaki hasa ni nauli na chakula, na Lushoto mtu hula wali, maharage na ndizi akashiba bila kutoboa mfuko.

Akisema hana hata hicho, songesheni tarehe. Masika huko ni Machi hadi Mei, na barabara ya mlimani huteleza, pengine hata udongo kuporomoka, kwa hiyo hakuna hasara kungoja. Nendeni kati ya Juni na Septemba, kukavu lakini baridi, na kila Ijumaa wekeni kidogo pamoja, kama chama cha akiba. Mpeni yeye atunze daftari. Wale wenzako wawili wakigoma kungoja, basi waende, lakini waende baada ya kumwambia uso kwa uso. Wewe baki naye.

Sasa njia. Wengi kutoka Nairobi hupitia Namanga hadi Arusha, kisha Moshi, halafu barabara kuu inayokwenda Dar es Salaam, wakapita Mwanga, Same na Hedaru, milima ya Pare ikiwa kushoto kwao, hadi Mombo. Mimi ni mtu wa Taita, kwa hiyo napendelea ya pili: Voi, Mwatate, Taveta, mnavukia Holili, mnatokea Himo, na kutoka hapo ni barabara ile ile. Mpaka wa Taveta una foleni fupi kuliko Namanga. Popote mtakapovukia, siku hizi mnagongewa mihuri ya nchi zote mbili katika jengo moja.

Kitambulisho peke yake hakitoshi kuingia Tanzania. Ombeni pasipoti mapema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, msingoje wiki ya safari ndipo mkajazane kwenye ofisi za uhamiaji Nyayo House. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi. Chanjo hiyo huhesabiwa kuanza kufanya kazi siku 10 baada ya kudungwa, na cheti ni cha maisha, kwa hiyo mkichanjwa mwaka huu hamrudii tena. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 2019. Pesa badilisheni dukani penye bango la viwango, si kwa vijana wanaowakimbilia dirishani mwa gari mpakani.

Msijaribu kufika kwa siku moja. Laleni Moshi, mwondoke asubuhi, ili mfike Mombo jua likiwa bado juu. Mombo ni joto la tambarare. Hapo ndipo mnapanda gari dogo la kupanda mlima, zaidi ya kilomita 30 za kona kupitia Soni penye maporomoko, na baada ya nusu saa mtaanza kutafuta sweta. Giza likiingia magari hayo huwa machache, nami sitaki wasichana wanne wakae na mabegi kando ya barabara wakimsihi dereva.

Kuna jambo la kuwatia moyo: Lushoto ni karibu mita 1,400 juu ya bahari. Nairobi yetu iko juu zaidi. Kwa hiyo hamtakosa pumzi kama wapandao Mlima Kenya. Kitakachowachosha ni kupanda na kushuka mabonde siku nzima na mzigo mgongoni, magoti ndiyo yatakayolia. Ndiyo maana nataka mwende Ngong, nje kidogo ya Nairobi, kabla ya safari. Vaeni viatu vile vile mtakavyovaa, jazeni mabegi vile vile, na mtembee juu ya vilima kutoka Ngong mjini hadi Kona Baridi. Begi litakalowashinda hapo mlipunguze. Suruali mbili, sweta zito, koti la mvua, soksi za kutosha, chupa ya maji, tochi, dawa za kila mtu, leso (kanga) mbili. Hayo mengine ni uzito tu. Viatu na mabegi mazuri mtapata katika masoko ya Gikomba au Toi kwa bei ya kuelewana, ila kagueni soli kwa kidole, na zipu mfungue mara kadhaa. Na mkitembea, anayekwenda polepole kuliko wote awe mbele, aamue mwendo. Asiachwe nyuma akihema peke yake.

Mkishafika, msiende porini bila mwenyeji. Lushoto kuna waongoza wageni waliosajiliwa, na ofisi zao ziko karibu na kituo cha mabasi. Fanyeni mapatano ya bei kabla ya kuanza, na yajumuishe ada ya msitu. Siku ya kwanza nendeni Irente, mwendo wa saa moja na nusu hivi, mkasimame kwenye mwamba ambao chini yake ardhi inakatika mara moja na tambarare inalala huko mbali. Msisogee ukingoni kwa ajili ya picha, nawaomba. Njiani kuna shamba la kanisa la Kilutheri, wanauza jibini, mikate na jamu, mle mchana hapo. Kesho yake ingieni msitu wa Magamba, ambako vilele vinapita mita 2,000, mkawaone mbega wakiruka na mikia yao myeupe. Halafu kijiji cha Rangwi. Halafu Mtae, mji ulioning'inia mwisho kabisa wa mlima.

Mtae ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote. Chini yake ni mbuga ya Mkomazi, na ng'ambo ya Mkomazi ni Tsavo Magharibi, yaani Kenya. Milima yetu ya Taita, Pare na Usambara ni safu moja ya kale, Tao la Mashariki, na baadhi ya mimea na ndege wake hawapatikani penginepo duniani. Nilipofika kule mara ya kwanza niliona migomba na mifereji midogo ya maji mashambani nikadhani niko Wundanyi. Amkeni mapema, maana mawingu hupanda kadiri jua linavyopanda.

Wasambaa ni watu wa salamu. Sisi wa Nairobi tuna haraka, tunauliza bei kabla ya habari za asubuhi. Huko msalimie kwanza, wazee wapeni shikamoo yao, ngojeni marahaba. Jifungeni leso juu ya suruali mkipita vijijini, na msimpige picha mama aliyebeba mboga kichwani bila kumwomba.

Na mama yako hajakosea kuogopa, kwa hiyo usimbishie. Mwandikie kwenye karatasi mtakapolala kila usiku na namba ya simu ya kila nyumba ya wageni. Simu hukosa mtandao mabondeni, basi patana naye kwamba utapiga jioni mkishafika, si njiani. Rangwi kuna masista wa Kikatoliki wanaopokea wageni, mlale kwao, na umwambie hivyo. Akitaka kuzungumza na mwongozaji wenu kabla hamjaanza kupanda, mpe simu azungumze naye hadi aridhike.