Midomo kuchoka kwenye tromboni

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini midomo inachoka baada ya saa moja, na namna ya kupiga haraka kama J. J. Johnson, yule mpiga tromboni wa jazi wa Marekani. Usipulize saa nzima mfululizo! Puliza dakika 10, weka chombo chini, imba wimbo uleule kwa mdomo, kisha rudi. Anza na noti ndefu, za chini, polepole.

Kuhusu kasi, Johnson alipiga kwa usafi mpaka wengine wakadhani ana tromboni ya pistoni, ile ya kubonyeza vitufe badala ya kusogeza mrija. Mkono wake haukukimbia ovyo. Re iliyo juu tu ya do ya kati, kwa mfano, inatoka mrija ukiwa nafasi ya 1 (umerudishwa ndani kabisa) na pia ya 4 (umesogezwa mbele), kwa hiyo unachagua iliyo karibu. Chukua noti nne tu za solo, zirudie mpaka mkono ufike mahali pake kabla ulimi haujaanzisha noti.

Na hapa Goma, mdogo wangu, vumbi jeusi la lava linaua mrija unaoteleza. Mimi naupangusa kwa kitambaa laini kila jioni nikitoka kanisani, kabla hata ya kula, halafu naunyunyizia maji kidogo nikianza tena.