Mwanangu, wape watoto mji

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza mbona hapa Tanga umeme ukikatika nyumba ilikuwa ikichangamka, na huko kwako Dar ukikatika watoto wanagombania simu yenye chaji. Tena unauliza kama ununue zile kete za hadithi ulizoziona dukani, kete 9 zenye picha kila upande, mtoto anazirusha kisha anatunga kisa kwa picha zilizotokea.

Ukipenda nunua, hazina ubaya. Ila usianzie hapo. Anza na vitendawili, maana hivyo unavyo kichwani tayari, na giza halivizuii.

Wala usitamani wapate jibu upesi. Utamu uko pale wanaposhindwa. Unamkumbuka bibi yako? Alitega, "Kuku wangu katagia miibani." Mkikwama hawapi jibu, anadai, "Nipeni mji!" Mkimpa Pangani anakataa, kesha kwenda. Mkimpa Mombasa, anajiweka sawa mkekani, anajifunga kanga vizuri: "Basi nikaenda Mombasa. Nilipofika wenyeji wakanilaki, wakanipikia biriani, wakaniuliza, bibi, mbona peke yako? Nikawaambia, wajukuu zangu nimewaacha nyumbani, nanasi limewashinda!" Hapo nyumba nzima ilikuwa inalipuka kwa kelele.

Wewe ongeza kidogo. Aliyepewa mji aianze safari, akifika njiani anyamaze, mdogo wake aendeleze. Nani kapanda basi lile? Kabeba nini kwenye kikapu? Tayari mnatunga pamoja, na hakuna aliyeambiwa atunge.

Wakishazoea, wape kisa cha mwalimu Goso, kile cha Unguja. Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda juu, akaangusha buyu, likampiga mwalimu kichwani akafa. Wanafunzi wakadhani ni upepo wa kusi ulioliangusha, wakaenda kumkamata. Kusi akasema, "Ningekuwa mimi ndiye mwenye nguvu, ningezuiwa na ukuta?" Wakaenda kwa ukuta. "Ningekuwa mimi ndiye mwenye nguvu, ningetobolewa na panya?" Panya naye akamtaja paka, na kesi ikazunguka hivyo hivyo mpaka ikafika kwa paa, naye akakosa la kujibu. Mgawie kila mtoto mmoja wa hao. Yule wa miaka 4 mpe panya. Maneno ni yale yale yanarudi, kwa hiyo hata aliyeanza kusema juzi atayashika, na zamu yake ikikaribia utamwona anavyojikaza kusubiri. Wakubwa waache warefushe mnyororo. Wakisema ukuta unavunjwa na katapila, kubali, kisa kina nafasi.

Hilo la kukubali ndilo nililotaka kukuandikia hasa. Kaka yako alipokuwa na miaka 5, usiku mmoja aliingiza simba wa hadithi yangu kwenye daladala ya kwenda Makorora. Nikamwambia, simba hapandi daladala, tuendelee. Akanyamaza. Usiku ule niliita "Paukwa!" mara mbili, wenzake wakaitikia "Pakawa!", yeye midomo kaifumba, anachokonoa mkeka kwa kidole. Niliumia, na mpaka leo nikikumbuka naumia. Mtoto alikuwa amenipa alichonacho, nami nikakitupa.

Kesho yake bibi yako hakumuuliza kitu. Alikaa, akaanza: "Simba akashuka Makorora, konda akamdai nauli." Kaka yako akainuka magotini. "Hana chenji!" Bibi akauliza, "Sasa itakuwaje?" Kisa kile kilikwenda siku nne, na simba akaishia kuwa konda.

Kwa hiyo akisema jambo lisilowezekana, usimsahihishe. Muulize, "Ikawaje?" Hata mkubwa wako wa miaka 9 mkataze kumcheka mdogo, hilo tu ndilo la kuwa mkali nalo. Na ukiona macho yanalegea, ikateni hadithi pale pale ilipo tamu, wataidai wenyewe kesho.

Jumamosi nipigie mkishakaa. Simu iweke katikati ya mkeka, nami nina kitendawili changu nakitunza kwa ajili yao. Waambie wauchague mji mapema, na wasinipe Pangani.

Mama yako