Nguo ya Halloween ya mtoto bila kumwaga dola 40: anza na jaketi

Jamani wiki hii nimepata meseji kutoka kwa dada mmoja yuko Columbus, Ohio, hana hata mwaka tangu aingie Marekani. Anasema binti yake wa darasa la kwanza karudi na karatasi ya shule na tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki, anataka nguo ya Halloween, anataka kuwa kipepeo, wameenda dukani wamekuta kigauni chepesi hata upepo wa feni kinapitisha, dola 40. Na dada wa watu ana kodi ya nyumba, ana bima ya gari, ana mama yake Tabora anayesubiri hela ya dawa. Anauliza, hivi nyie wenzangu mnafanyaje?

Dada, tunatengeneza wenyewe. Na tunapendeza kuliko hao wa dola 40, nakwambia.

Kwa mlioko nyumbani mnaoshangaa, tarehe 31 Oktoba jioni watoto huku wanavaa wanachotaka kuwa, wanazunguka mtaani na ndoo zao, nyumba yenye taa ya nje imewashwa wanagonga wanapewa pipi, iliyozimwa wanapita. Ndo hivyo tu. Mambo ya mizimu nitayagusa chini.

Sasa mimi niko Minnesota. Huku wazee wa mtaa Oktoba haiishi hawajakusimulia theluji ya Halloween ya 1991, ilianza kudondoka tarehe 31 yenyewe haikukoma mpaka tarehe 3 Novemba, Minneapolis ikapata zaidi ya inchi 28 na Duluth karibu inchi 37, na wanasimulia kwa kujidai utadhani waliileta wao. Sio kila mwaka inakuwa vile, ila baridi ipo, na baridi ndio inayofanya nguo za dukani ziwe hasara. Unanunua kigauni dola 40, jioni inafika unamvalisha mtoto jaketi juu yake, mtaa mzima unaona jaketi. Hela yote imeenda kulala chini ya jaketi la mtumba!

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukisahau mengine yote ushike huu: anza na jaketi. Mvalishe mtoto jaketi lake la baridi, mfunge zipu mpaka shingoni, halafu ndo upime, ndo ukate. Nguo inakaa JUU ya jaketi.

Ngoja niwape ya mwanangu maana hii naisimulia popote nikipewa nafasi.

Kijana wangu ana miaka 6. Kiangazi tulienda Dar kwa bibi yake Mbagala, nimempeleka baharini, nimempeleka kula ice cream, wapi. Alichopenda ni daladala. Konda anachezesha chenji mkononi, anapiga bodi pa pa, "suka twende!", gari inaondoka na yeye konda bado mguu mmoja uko nje, mtoto anacheka mpaka anakosa pumzi. Tumerudi huku anapiga meza ya chakula, anapiga mlango wa gari, shushaaa! Oktoba ilivyoingia nikamuuliza unataka kuwa nani, nikijua atataja yale majitu ya kwenye katuni. Akaniangalia kabisa usoni, "Nataka kuwa daladala." Sio konda, sio dereva. Gari lenyewe.

Nikaenda duka la vifaa vya ndani kuomba boksi la microwave, zile kubwa zinazofungwa juu ya jiko, boksi lake refu limelala vizuri kabisa umbo la Hiace. Wakanipa bure, kijana wa stoo akanisaidia mpaka kwenye gari. Nyumbani nikatoa sakafu yote, juu nikakata tundu la kichwa na mabega, mtoto kavaa jaketi lake tunapima tunakata, tunapima tunakata. Mikanda ya mabegani nilichana khanga kuukuu, kamba usitumie dada, inateleza kwenye jaketi na gari lote linainama upande. Rangi nyeupe ilikuwepo, ilibaki ya ukutani kopo nusu. Na msidanganyike na rangi za kopo za kupuliza, ukipuliza nje au gereji kwenye baridi ya Oktoba haikauki, inabaki inanata, makopo mengi yenyewe yameandikwa usitumie chini ya nyuzi 50 za Fahrenheit.

Matairi sahani za karatasi nyeusi. Taa za mbele vile vitaa vya betri vya kubonyeza, nimetoa duka la Dollar Tree, siku hizi sio dola moja tena. Vioo vya pembeni foili ya jikoni. Ukingo wa chini wote nikauzungushia tepu ile ya kung'aa ya kufungia maboksi maana theluji ikilowesha boksi linalainika kama ugali wa jana. Mstari pembeni nikapiga wa bluu kwa tepu ya rangi, watu wa Dar msianze, najua kila ruti na rangi yake, bluu ndio niliyokuwa nayo. Mbele MBAGALA – KARIAKOO. Nyuma nikamuuliza tuandike nini, akasema andika jina la bibi. Nikaandika BIBI MWENYEWE.

Mlangoni kwa konda tulikata dirisha, ndoo ya pipi ikaning'inia pale kwa ndani. Basi jioni ile mtoto anafika kwa watu badala ya kusema yale maneno ya Halloween, "trick or treat", anapiga bodi pa pa anasema "nauli!" Wazungu wa watu hawaelewi kitu ila wanacheka, wanadumbukiza pipi dirishani, wengine wanatia mara mbili. Babu mmoja wa kona ya pili akamuuliza kama yeye ni basi la shule, mwanangu alinuna huyo, akamjibu hapana, hii inaenda Kariakoo. Mpaka leo yule babu akituona anamuuliza Kariakoo mnafika saa ngapi.

Gharama yote haikufika dola 10, na sehemu kubwa ni tepu na taa.

Sasa. Usiku nikaweka picha kwenye group letu la WhatsApp, nina furaha zangu. Mama mmoja, simtaji, anajijua, akaandika "jamani mtoto wa Marekani unamvalisha boksi la taka, kwani dukani hamuendi?" na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, na watu wakamfuata kucheka, watu niliowapikia mimi kwenye misiba yao. Sikujibu. Nikikutana naye namwamkia shikamoo kwa sababu kanizidi umri na nimelelewa, ila ile meseji nimeishika neno kwa neno.

Na ndio maana naandika kwa kirefu, maana najua huyu dada wa Columbus akitengeneza atakutana na mama wa aina hiyo. Jamani sisi tuliokulia uswahilini, tuliotengeneza magari ya waya na matairi tukachonga kwenye ndala zilizokatika, mpira wa makaratasi na kamba, tukija huku tunaona aibu ya boksi? Eti mpaka kitu kiwe na risiti ndo mtoto kapendwa. Tunakopa kwenye kadi kwa ajili ya nguo ya masaa mawili, halafu Novemba tunapiga simu nyumbani kusema mwezi huu hali ngumu. Acheni. Mtoto hakumbuki bei. Majirani zangu wazungu wenyewe wengi wanatengeneza, tena wanajisifu, ni sisi tu tunaojikuna pasipowasha.

Haya, kipepeo wa Columbus. Dada, nenda Goodwill au duka lolote la mtumba, chukua hudi nyeusi saizi moja au mbili zaidi ili ipite juu ya jaketi. Chukua kitenge, kile chenye maua makubwa makubwa, kata nusu duara, upana wake mtoto akinyoosha mikono ufike kwenye vifundo vya mikono yote miwili. Katikati ya upande ulionyooka shona kwenye shingo ya hudi nyuma, kwenye ncha weka vitanzi vya lastiki aingize mikono. Akinyoosha mikono mbawa hizo, kitenge kinafanya kazi yote ya rangi, hupaki chochote. Pembe za kichwani tumia vile vijiti vya waya vyenye manyoya, vishone kwenye kofia ya hudi. Shona kwa mkono, usigundishe, Novemba unafumua anabaki na hudi ya kuvaa msimu mzima na kitenge unakirudisha kabatini. Kama ni lazima utumie gundi ya moto basi ushike wewe, mtoto mbali, ile ikikugusa ngozi inatoka nayo.

Mgongoni mbandikie tepu inayong'aa kwenye taa za gari, giza linaingia mapema na madereva wengine sijui leseni walipata wapi. Barakoa hapana, haoni pembeni, mpake rangi usoni inatosha. Na hiyo karatasi ya shule isome mpaka chini, shule nyingi hazitaki barakoa wala silaha za kuchezea, nyingine hazitaki nguo za Halloween kabisa siku ya masomo. Halafu tarehe, hapo Columbus na vitongoji vyake wana kitu wanaita Beggars' Night, ndo jioni yenyewe ya kuzungukia pipi, wameshawahi kuzungusha watoto tarehe 30 badala ya 31, kwa hiyo angalia tangazo la mji wako usije ukamtoa mtoto na mbawa zake taa zote zimezimwa.

Ukija na boksi badala ya kipepeo, pima milango ya nyumba yako kwanza. Na urefu usipite magoti, ngazi za barazani ni nyingi. Na juu ya jaketi, nimeshasema, narudia, juu ya jaketi.

Umeniuliza pia kuhusu kanisa, mchungaji wenu kasema ni sikukuu ya shetani. Mimi siingilii hapo, mtii mchungaji wako. Uliza tu kama wanafanya ile ya kwenye maegesho, watu wanafungua buti za magari wanapamba wanagawa pipi mchana kweupe, makanisa mengi huku yanafanya hivyo na mtoto anavaa vizuri tu, kipepeo hana neno. Wangu nilimpeleka kanisani kwetu na daladala yake, tatizo lilikuwa moja, alipiga bodi za magari ya waumini wote mpaka la mzee wa kanisa.