"Mfumo uko chini" na maswali yenu mengine kuhusu huduma za halmashauri

Haya watu wa Kusini, meseji ni nyingi kuliko muda wangu, nimechukua tano tu. Wengine msininunie, zamu yenu inakuja.

Mama lishe, Masasi: "Kaka, mkusanya ushuru anakuja na ile mashine ila kila siku anasema chaji imeisha, anachukua hela anasepa. Nifanyeje?"

Pole dada'angu. Hela iliyoondoka bila risiti ihesabu kama sadaka, maana halmashauri haijaiona. Ile mashine, posi, kila ikitoa risiti inatunza kiasi, saa na nani kakusanya, na inapeleka kwenye sistimu, kwahiyo ikizimwa makusudi, kule ofisini inaonekana soko zima siku hiyo halikuuza hata chapati. Na sio maneno ya kijiweni haya, ripoti za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimeshataja mara kibao posi zilizokaa muda mrefu bila kuwashwa na makusanyo ambayo hayakufika benki.

Usigombane nae. Chukua lile daftari lako la madeni, la wale wanaokula ugali mpaka mwisho wa mwezi, geuza ukurasa wa nyuma uandike tarehe, saa, kiasi, na risiti kapewa au hajapewa. Wenzako kumi wafanye hivyohivyo wiki mbili, halafu nendeni nayo kwa mweka hazina aoanishe na kilichoingia kwenye sistimu siku hizo hizo. Ukienda mikono mitupu ukasema fulani mwizi utaambiwa leta ushahidi, na wewe ndo utaanza kuonekana mkorofi. Kwa malipo makubwa kama leseni au kizimba dai kontrol namba, zile tarakimu 12, na kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalotokea kwenye simu. Likitokea jina la mtu badala ya halmashauri, acha hapohapo.

Mpangaji, Chikongola: "Nikinunua umeme nakatwa 1,500 kila mwezi, hiyo ya manispaa?"

Mdogo wangu, hiyo ni kodi ya jengo, inakatwa kupitia LUKU tangu 2021, ilianza na 1,000 ikapanda 2023. Na ni kodi ya mwenye nyumba sio yako. Tunza zile meseji za LUKU, siku ya kulipa kodi ya chumba mwonyeshe kwa adabu akupunguzie hiyo hela. Akikasirika, basi umeshajua unaishi kwa nani.

Kijana, Lindi mjini: "Tumepiga picha barabara ya mtaani imeliwa na maji, tumetuma kwenye grupu la WhatsApp la kata, diwani kaweka dole gumba, miezi inapita. Teknolojia inasaidia nini sasa?"

Hili swali nimelipenda. Kwanza mlango wenyewe sio huo, barabara za mitaa na vijijini tangu 2017 ziko chini ya TARURA, zile kubwa za mkoa na kuu ni TANROADS, kwahiyo diwani hata akiweka madole kumi hana greda. Ila mwananchi hapaswi kulazimika kuyajua yote hayo, ndo hapo wenzetu walituzidi akili. Kule Baltimore, Marekani, walichukua namba moja tu, 311, unapiga unasema kuna shimo mtaa fulani, unapewa namba ya shauri lako, wao ndo wahangaike ni la idara gani. Meya wao Martin O'Malley akaahidi shimo likiripotiwa lizibwe ndani ya saa 48, na kuanzia 2000 akawa anawaita wakuu wa idara kwenye kikao wanawekewa takwimu ukutani, haya, haya mashauri mbona hayajafungwa? Yani dawa haikuwa simu, ilikuwa ni kile kikao.

Grupu la WhatsApp halina namba ya shauri, picha yako inazama chini ya salamu za Ijumaa na tangazo la msiba. Andikeni barua TARURA, mgongewe muhuri kwenye nakala yenu, au tumieni e-Mrejesho, ile ya serikali ya malalamiko na pongezi, hata kitochi kinaingia kwa *152*00#. Mkipata namba, muulize kwa namba.

Mzee wa Tandahimba: "Minada ya korosho siku hizi ya kwenye mtandao, sisi tunajuaje halmashauri imepata kiasi gani?"

Shikamoo mzee wangu. Hapo mmeshikilia data bila kujijua. Mnada wa TMX, lile soko la bidhaa la mtandaoni, bei inatangazwa, kilo zinatangazwa, na ushuru wa mazao kwa zao la biashara ni asilimia 3 anayolipa mnunuzi. Chukua mfano tu, kilo milioni moja kwa bei ya 3,000, hiyo ni bilioni 3, ushuru milioni 90. Mjukuu wako akupigie hesabu ya msimu mzima kwenye simu, halafu mkutano wa kijiji, ambao ni haki yenu kila miezi mitatu, muulizeni diwani hiyo hela imekaa kwenye darasa gani au zahanati gani. Isomeni kwa sauti hiyo karatasi ya hesabu, akina mama wasikie.

Wengi, kutoka kila sehemu: "Kwanini kila tukifika tunaambiwa mfumo uko chini?"

Saa nyingine ni kweli, Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilikatika nchi nzima ikahangaika. Ila kuna ofisi moja, siitaji, niliikuta ile "HAKUNA MTANDAO" imechapwa vizuri na kupigwa lamineshen kabisa, ina tundu la kutundikia. Nikacheka mwenyewe. Dirisha la pili yake kulikuwa na dada mmoja, mtandao huohuo umegoma, yeye kafungua kaunta buku anaandika jina, namba ya simu na shida ya kila mtu, anasema nendeni mkafanye shughuli zenu, mtandao ukirudi nitawapigia. Saa kumi jioni niko feri nabembeleza bei ya changu, simu ikaita.