Maswali yenu: kuizunguka Iceland kwa meli ndogo

Wengi mmeniuliza kuhusu hizi safari za meli za kuizunguka Iceland, kile kisiwa cha volkano huko juu kaskazini. Nimeyakusanya yanayofanana, haya twende.

Nimeona meli la watu 3,000 linafika Iceland na bei yake iko chini sana kuliko hizi meli ndogo. Tofauti ni nini kwani? (Rehema, Dodoma)

Tofauti ni pale unaposhuka, Rehema. Meli kubwa itakupeleka bandari za Reykjavik, Akureyri na Ísafjörður, mnashuka maelfu, mabasi yamepanga foleni. Na Ísafjörður yenyewe wakazi wake hawafiki hata 3,000, kwa hiyo meli moja tu ikitia nanga mji unajaa wageni kuliko wenyeji, hakuna anayefurahi hapo. Meli ndogo inabeba watu kama 100 mpaka 200 na ina boti zake za mpira, hivyo inaingia sehemu ambazo hazina gati la maana: Vigur, kakisiwa kenye familia na mabata wao wa manyoya laini, kisiwa cha Grímsey ambako mstari wa Aktiki unapita (kuanzia hapo kwenda kaskazini kuna siku za kiangazi jua halizami), na chini ya majabali ya Látrabjarg yenye urefu wa kilomita 14 na juu yanapita mita 400, ndege wamejaa kila mwanya mpaka kelele zao unazisikia kabla hujawaona. Mimi ningeahirisha mwaka mzima nijazie hela kuliko kwenda na meli kubwa, nasema kweli. Na uende Juni au Julai, maana wale ndege wenye mdomo wa rangi rangi, pafini, ikifika katikati ya Agosti wengi wameshaondoka.

Si huko volkano zinalipuka kila siku? Mke wangu kagoma. (Kamau, Naivasha)

Kamau, wewe wa Naivasha ndo unauliza! Aprili 2010 Eyjafjallajökull ilipolipuka chini ya barafu, majivu yakafunga anga la Ulaya karibu wiki nzima, si maua ya kwenu ya kupeleka Ulaya yalioza yakisubiri ndege na vibarua wakarudishwa nyumbani? Mlima uko kule, hasara mpaka Bonde la Ufa.

Lakini mwambie mama volkano hazifanani. Milipuko ya karibuni ya rasi ya Reykjanes, kule mji wa Grindavík ulikohamishwa Novemba 2023, lava inatoka kwenye nyufa za ardhi inatiririka, majivu ni machache, na ndege za Keflavík, uwanja wao mkuu wa kimataifa, zimeendelea kuruka. Kuna vipimo kila mahali na watu wanaondolewa mapema. Wenyeji wa Grindavík wamepoteza makazi, hilo ni jambo zito, ila msafiri aliye kwenye meli kapteni anabadilisha njia tu.

Na ukienda usikubali kukikosa kisiwa cha Heimaey, kusini. Usiku wa tarehe 23 Januari 1973, karibu saa nane usiku, ardhi ilipasuka pembeni kabisa mwa mji, watu wamelala, moto unaruka juu kwa mstari mrefu. Kisiwani kulikuwa na watu kama 5,300. Bahati yao jana yake kulikuwa na dhoruba, boti za uvuvi zote zilikuwa bandarini, basi wakapanda watoto, wazee, wagonjwa wa hospitali, na kabla hakujakucha karibu wote walishavuka kwenda bara. Baada ya hapo lava ikaanza kusogea kwenye mdomo wa bandari, na bandari ikifungwa kisiwa cha wavuvi kimekwisha, sasa wakafanya kitu ambacho wengi walikiona hakiwezekani, wakapiga pampu maji ya bahari juu ya lava miezi kadhaa ili ipoe igande. Ikagandia pale pale. Mamia ya nyumba zilifukiwa, lakini bandari ikapona tena ikawa na kinga nzuri kuliko mwanzo, na mlipuko ulipoisha Julai wengi walirudi kuchota majivu kwa koleo. Leo meli ndogo inaingia kwa kupita kwenye ule ule mlango, ukuta wa lava uko upande mmoja karibu kabisa, simama nje kwenye deki wakati huo tafadhali, usiwe unakula. Kisha panda Eldfell, ule mlima uliozaliwa mwaka huo, ni kama mita 200 tu, na juu kule ukifukua kokoto nyekundu kidogo kwa mkono bado unasikia joto.

Karibu na hapo kuna Surtsey, kisiwa kilichoibuka baharini Novemba 1963. Hicho mtakipita kwa mbali, kushuka ni marufuku isipokuwa kwa wanasayansi, wanataka kuona uhai unaanzaje bila mguu wa mtu. Mimi naunga mkono kabisa.

Viza yangu ya Schengen (ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) ni ya kuingia mara moja, inatosha? (Asha, Dar)

Ikiwa meli inazunguka Iceland peke yake, inatosha. Tatizo ni safari zinazounganisha na Greenland, maana Greenland haimo Schengen, unahitaji viza yake inayoitaja kwa jina, na ukirudi Iceland hiyo ni kuingia mara ya pili. Soma ratiba yote kabla hujaomba. Bima ya matibabu ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000.

Mie wa Pemba, bahari naijua, ila baridi siijui. Nivae nini?

Kama unavuka mkondo wa Nungwi bila kutapika huna shida, ingawa dawa beba. Baridi ya Juni ni nyuzi 7 mpaka 13 hivi, kinachoumiza ni upepo na mvua ya kukatiza. Nguo ya sufu ndani, sweta, halafu koti na suruali visivyopitisha maji, jinzi iache nyumbani maana ikilowa haikauki. Viatu vitasafishwa na kukaguliwa kabla ya kushuka ili usibebe mbegu ngeni, na ukiwa nchi kavu usikanyage ule mmea laini wa kijani uliotanda juu ya lava, ukiuharibu unachukua miaka na miaka kurudi.

Mamangu ana miaka 67 na goti linamsumbua, ataweza zile boti? (Mwanaisha, Mombasa. Na swala je, jua si halizami?)

Ataweza akisaidiwa. Baharia anamshika mkono, sio kiganja kwa kiganja, wanashikana juu ya vifundo vya mikono, hivyo hata mkono ukiteleza mtu haanguki. Ila penye kushuka majini na mawe yanayoteleza, abaki siku hiyo, sio lazima kila kituo. Waambieni kampuni mapema habari ya goti, na habari ya chakula cha halali pia.

Swala: Reykjavik mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa sita usiku na kuchomoza kabla ya saa tisa, huku adhuhuri inaingia kama saa saba na nusu. Kule Grímsey kuna siku halizami kabisa. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kujumuisha swala, kwa siku za kaskazini muulizeni sheikh wenu kabla hamjaondoka, msikae mkibishana kwenye meli.

Nimeambiwa maji ya kuoga hotelini Reykjavik yananuka yai bovu. Kweli?

Ya moto ndiyo, ni salfa, yanatoka ardhini na ndiyo yanapasha joto nyumba karibu zote. Hayadhuru. Waliofika Olkaria, kule Kenya kwenye mitambo ya jotoardhi, wanaijua harufu hiyo, na mainjinia wengi wa Kenya wa umeme wa jotoardhi wamesomea huko huko Iceland. Ya kunywa fungua bomba la baridi, acha yatiririke kidogo, ni matamu sana. Na ukienda kuogelea kwenye mabwawa yao unaoga kwanza bila nguo yoyote, wanawake kwao wanaume kwao, ndo sheria, mengine yana vyumba vyenye pazia kwa anayeona haya, uliza mlangoni.