Oska, frontosa, mbuna na perege: wanakaa tangi moja?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina nyumba ya wageni hapa Mikindani. Fundi amenitengenezea tangi la kioo la kuweka mapokezi: urefu sentimita 200, upana 60, kimo 60. Maji yangu ni ya kisima, yale yanayogoma kutoa povu la sabuni. Nataka samaki wa rangi wa ukoo wa sato, wale wanaoitwa sikilidi. Nimeorodhesha oska wawili, mbuna wa njano, frontosa, na perege kadhaa wa Mto Ruvuma ili wageni waone na cha kwetu. Niweke wangapi wangapi?

JIBU: Marahaba. Kabla ya idadi, orodha yenyewe ina tatizo. Hao wote ni ukoo mmoja kweli, lakini kwa maji, chakula na tabia hawaelewani hata kidogo.

Oska ni samaki wa Amazon. Kwao maji ni laini, akikua anapita sentimita 30, na chochote kinachoenea mdomoni mwake anakimeza, wakiwemo mbuna wako, wale samaki wadogo wa miamba ya Ziwa Nyasa. Frontosa anatoka Ziwa Tanganyika. Naye hufika sentimita 30, ni mpole wa mwendo, ila hutoka alfajiri kuokota samaki wadogo wangali wamelala. Mchana sasa, zile mbio za mbuna zinamnyima raha mpaka anaacha kula. Perege atachimba mchanga wote na kuzaa kupita kiasi. Huyo mchimbie bwawa nyuma ya nyumba, wageni wamwone kwenye sahani.

Kinachokuchagulia samaki ni kisima chako. Maji yasiyotoa povu ni magumu, na maji magumu mara nyingi huwa na pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya juu. Nunua kipimo ujiridhishe. Maji ya Ziwa Nyasa yako kati ya pH 7.7 na 8.6 hivi, kwa hiyo mbuna watakaa kwako bila dawa ya kubadili maji. Angalizo moja: ugumu si sawa na chumvi ya bahari. Kama maji yako yana ladha ya chumvi, yachanganye na ya mvua au tafuta chanzo kingine.

Basi chukua mbuna peke yao, tena wale wapole. Mimi ningeweka aina tatu. Wa kwanza ni huyo wa njano uliyemtaja, Labidochromis caeruleus, ambaye hafiki mbali zaidi ya sentimita 10 na si mgomvi. Wa pili anajulikana kwa wafugaji kama "acei", mwili wa zambarau na mapezi ya njano. Anapenda kuogelea sehemu ya juu, kwa hiyo tangi halitaonekana tupu huko. Wa tatu ni Iodotropheus sprengerae, rangi ya kutu inayong'aa kizambarau. Rangi zao zinatofautiana, na hilo si pambo tu: dume la mbuna humshambulia kwanza anayefanana naye.

Ndiyo sababu sikushauri uanze na mbuna aitwaye demasoni, ingawa ni wa upande wetu wa ziwa, kwenye miamba ya Pombo, na ile milia ya buluu na nyeusi inavutia kweli. Wanauana wenyewe kwa wenyewe wakiwa wachache. Mbuna mwingine, auratus, ndiyo kabisa usimguse: ni mgomvi mno.

Tangi lako ni lita 720. Ukitoa mawe, mchanga na nafasi ya juu, hesabu 600. Weka vifaranga 12 wa kila aina, jumla 36, na waingie siku moja ili asiwepo mwenyeji wa kujimilikisha kona. Msongamano huo ni wa makusudi, maana ugomvi unagawanyika na hakuna anayeonewa peke yake. Dume na jike wakiwa wadogo ni vigumu kuwatofautisha; wakikua, ondoa madume ya ziada ubaki na dume moja kwa majike matatu au zaidi. Ukimwona jike kidevu kimevimba na hali chakula, usimtafutie dawa. Ana mayai mdomoni, atayabeba kama wiki tatu.

Wingi huo unahitaji chujio la kusukuma lita 4,000 au zaidi kwa saa, na kubadili robo ya maji kila wiki. Liwashe wiki nne hadi sita kabla ya samaki, ukitia chakula kidogo kila siku kioze, ili bakteria wanaosafisha maji wapate amonia (sumu itokayo kwenye uozo na kinyesi) ya kula. Usiharakishe hapo: kwenye maji ya joto na pH ya juu, amonia huwa na sumu kali zaidi.

Chakula kiwe cha mimea zaidi, chenye spirulina (aina ya mwani). Najua dagaa Mtwara si haba, lakini mbuna wana utumbo mrefu wa kusaga mwani; wakizidishiwa nyama wanavimba tumbo na kufa.

Mawe panga mengi, hadi karibu na juu, yakikaa kwenye kioo chenyewe kabla ya mchanga, maana wakichimbua chini yake yataanguka. Mawe ya matumbawe yale ya kujengea yanafaa sana; tumbawe hai usilikate baharini. Stendi iwe ya chuma au matofali. Tangi likijaa, kila kitu kinakaribia tani moja.

Hita huhitaji. Joto lenyewe ndilo adui wako kuanzia Novemba: maji yakipita nyuzi 29 hewa inapungua ndani yake, elekeza feni juu ya maji yapoe kwa mvuke, na kilichopungua ukijazie maji ya mvua ili ugumu usipande. Nunua pia pampu ya hewa ya betri. Umeme ukikatika usiku, samaki 36 kwenye maji ya moto hawatangoja asubuhi.