Piza haiivi katikati: tatizo liko chini, si juu

Nianze kwa kufupisha swali la mleta uzi. Ametengeneza piza mara nne, na kila mara ukingo unatoka mkavu kama biskuti huku katikati pamelowa. Ukinyanyua kipande kinainama na vyote vya juu vinateleza. Anauliza abadilishe unga au anunue oveni nyingine. Mwishoni kauliza pia, kama piza imemshinda, donge lile lile linaweza kutengeneza nini kingine.

Mkuu, usinunue kitu bado. Hiyo piza unayoieleza naijua vizuri, nimeila miezi na miezi. Yangu ya kwanza niliisukuma kwa kifimbo mpaka ikawa bapa, nikamwagia mchuzi niliouchemsha saa nzima, nikafunika kwa jibini mpaka nyanya hazionekani, nikaiweka kwenye trei ya baridi na kuitia ovenini, nyuzi 180. Baada ya dakika 30 juu palikuwa pamebabuka, chini peupe kama karatasi. Watu wa nyumbani walikwangua jibini, wakala, wakaniachia mkate wangu kwenye sahani. Hawakusema kitu, na hilo ndilo liliuma.

Kosa letu sote ni kuchungulia juu. Jibini limeyeyuka? Limeshika rangi? Basi tunatoa. Kumbe piza huivia chini. Oveni ya kuni ya mtindo wa Naples ina joto la nyuzi 400 na ushee, na sakafu yake ya mawe imeloweka moto huo kwa masaa. Donge likigusa pale linashtuka: maji yaliyomo yanageuka mvuke mara moja, ukingo unavimba, na piza inatoka ndani ya sekunde 60 hadi 90. Oveni nyingi za nyumbani zinaishia nyuzi 250. Piza inakaa mle muda mrefu zaidi, ukingo unapoteza maji na kukauka, na katikati, chini ya mchuzi na jibini, unga unachemka badala ya kuokwa. Ndiyo maana una biskuti na uji kwenye sahani moja.

Dawa ni kuweka kitu kizito chini kilichokwisha kumeza moto. Bamba la chuma nene ndilo bora, kwa sababu chuma hupitisha joto kwenye donge haraka kuliko jiwe. Jiwe la kuokea linafuata. Kama huna vyote viwili, geuza trei yako nzito juu chini na uiache ovenini wakati inapata moto. Washa mpaka mwisho wa namba na usubiri dakika 45 hadi 60. Taa ya oveni ikizima inakwambia hewa imefika joto hilo. Chuma bado. Hapa ndipo wengi wanakosa subira, na mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kwa bamba la chuma piza yangu inachukua dakika 6 hadi 8, kwa trei iliyogeuzwa 10 hadi 12.

Kama oveni yako ni dhaifu kabisa lakini ina moto wa juu, kuna njia ya kikaango. Weka kikaango kizito cha chuma jikoni mpaka kiwe na moto wa kutosha, tandaza donge ndani, pakaza mchuzi na jibini harakaharaka, acha dakika 2 au 3 huku ukiinua pembeni kwa mwiko kuangalia rangi, kisha kisogeze chini ya moto wa juu kwa dakika 3 au 4. Mshikio utakuwa moto, usijisahau. Mimi nilijisahau.

Sasa donge. Acha vikombe, tumia mizani. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kupishana gramu 30 na kingine kutegemea ulivyouchota. Hivi ndivyo vipimo vyangu kwa madonge 4 ya gramu 250, kila moja likitoa piza ya sentimita 30 hivi: unga wa ngano gramu 600, maji 390, chumvi 15, mafuta ya zeituni 12, na hamira ya chenga, ile isiyohitaji kulowekwa kwanza, gramu 2 tu, yaani zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai. Ndiyo, ni kidogo makusudi, kwa sababu donge litalala kwenye friji.

Kuhusu unga, tafuta wa mkate wenye protini asilimia 12 hivi. Watu wanahangaikia unga wa Kiitaliano wenye namba 00 kana kwamba ni tiketi. Namba hiyo inaeleza ulivyosagwa na ulivyochekechwa, haielezi nguvu ya unga, na kwenye nyuzi 250 unga huo mara nyingi unabaki na rangi hafifu. Umetengenezewa moto mkali ambao mimi na wewe hatuna.

Changanya mpaka usione unga mkavu, kisha funika na uondoke dakika 20. Huo muda wa kukaa bure unafanya nusu ya kazi ya kukanda: protini za unga zikishapata maji zinaanza kushikana zenyewe na kufanya utando wa gluteni. Ukirudi, donge lililokuwa na mabonge kama udongo limelainika bila kuguswa. Kanda dakika 5 au 6. Litakunata mkononi. Hapa ndipo piza nyingi zinapofia: mkono unanata, mtu anaongeza unga, bado unanata, anaongeza tena, na donge lililohitaji maji linageuka tofali. Lowesha mikono kwa maji, usiongeze unga. Chukua kipande kidogo, kivute taratibu dhidi ya mwanga. Kikitanuka mpaka unaona kivuli cha vidole vyako bila kuchanika, tosha.

Gawa, viringa, pakaza mafuta kidogo, kila donge kwenye chombo chake chenye mfuniko, friji masaa 24 mpaka 72. Kwenye baridi hamira inakwenda pole, na vimeng'enya vya unga vinapata nafasi ya kugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, ndiyo inayoleta ladha na yale madoa ya kahawia ukingoni. Siku moja nilioka donge la siku 1 na la siku 3 kwa pamoja, mchuzi ule ule, jibini lile lile. La siku 1 lilikuwa mkate mzuri. La siku 3 lilikuwa na harufu nzuri, na mdogo wangu, ambaye hajui hata chumvi inakaa kabati gani, alilichagua bila kuambiwa. Mpaka siku 5 nimejaribu, likawa chachu na kuchanika ovyo.

Toa kwenye friji masaa 2 kabla. Donge la baridi halivutiki, linarudi nyuma kama mpira, na mtu akikasirika anachukua kifimbo. Kifimbo kiweke mbali, kinakamua hewa yote uliyoisubiri siku tatu. Bonyeza kwa ncha za vidole kuanzia katikati kwenda nje, ukiacha ukingo wa upana wa kidole gumba bila kuugusa kabisa. Kisha linyanyue likae juu ya ngumi zako mbili, uzungushe, uzito wake wenyewe ulivute. Likigoma, liache dakika 10, ulirudie. Limepumzika sasa, halibishani.

Mchuzi hausubiri kupikwa. Kopo la nyanya nzima la gramu 400, chumvi gramu 4, ziponde kwa mkono, basi. Zitaiva juu ya piza; ukizipika kabla unazipika mara mbili na zinapoteza uchangamfu. Kwa piza moja nachukua gramu 70 hadi 80, nawe utadhani ni kidogo. Jibini gramu 90 hadi 100. Mozarela mbichi ile inayokaa majini ikate, iache kwenye chujio masaa kadhaa, vinginevyo itamwaga ziwa katikati. Ile kavu ya kukwaruza ndiyo inayofaa zaidi oveni za kwetu. Na kwaruza mwenyewe. Lililokwaruzwa kiwandani limepakwa unga wa kuzuia kushikana, na unga huo huo unalizuia lisiyeyuke vizuri. Majani ya mrehani weka piza ikishatoka.

Kuingiza piza ovenini ni mtihani peke yake. Nyunyiza semolina, yaani unga wa ngano wa chengachenga, kwenye ubao bapa, weka donge, tingisha kabla hujapakaza kitu, na utingishe tena mara ya mwisho kabla ya kufungua mlango. Isipoteleza hapo, haitateleza kule. Jioni moja nilikuwa na wageni, nikapiga soga huku piza imekaa ubaoni dakika 10 tayari imepakwa. Ilinata. Nilipoisukuma, nusu iliingia, nusu ikabaki ubaoni, mchuzi ukamwagikia bamba na moshi ukajaa jikoni. Kwa woga nikaikunja ile nusu juu ya nyingine na kufunga mlango. Wageni waliambiwa ni kalzone, ile piza ya Kiitaliano inayokunjwa. Waliisifu sana, na mpaka leo wananiomba niwapikie tena. Kama bado huna ujasiri, karatasi ya kuokea chini ya piza si aibu. Ivute nje baada ya dakika 3, donge likishashika. Angalia tu joto lililoandikwa kwenye boksi lake, na usiitumie ukiwa umewasha moto wa juu.

Swali lako la pili mimi ningelifanya la kwanza. Kwa oveni uliyo nayo, anza na piza ya trei. Fokacha, mkate bapa wa Kiitaliano unaookwa kwenye trei, haihitaji kuvutwa wala ubao, na mafuta ya chini yanakaanga sakafu yake, kwa hiyo lile tatizo la chini peupe linaisha lenyewe. Unga gramu 500, maji 400, chumvi 10, hamira ya chenga 4. Litakuwa teketeke, karibu uji mzito; usiogope na usikande. Lowesha mkono, shika upande mmoja wa donge, livute juu, likunjie katikati, zungusha bakuli, rudia pande zote nne. Fanya hivyo mara nne, kila baada ya dakika 30. Mara ya kwanza linachanika mkononi, mara ya nne linasimama na kutetemeka kama jeli. Mimina kwenye trei ya sentimita 23 kwa 33 yenye vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni, liache livimbe mpaka uone mapovu juu, pakaza mafuta vidoleni na utoboe mpaka uguse chuma. Kule Liguria, Italia, humwagia pia maji ya chumvi kidogo kwenye vile vishimo kabla ya kuoka, na nilipojaribu sikurudi nyuma. Nyuzi 230, dakika 22 hadi 25.

Ukiiweza hiyo, hamia piza ya Detroit, jiji la Marekani, iliyoanza mwaka 1946. Donge linaumuka kwenye sinia la chuma lenye kuta ndefu, jibini linasambazwa mpaka liguse kuta, na mchuzi unamwagwa juu ya jibini, si chini yake. Jibini linaloteremka ukutani linakauka na kuwa ukoko mweusimweusi unaokatika kwa sauti. Nyumbani tunagombea pembe, na sinia lina pembe nne tu.

Kalzone nishaieleza kwa aibu yangu. Cha kuongeza ni kwamba ujaze nusu ya unavyotamani, ukunje kingo vizuri, na utoboe tundu juu mvuke utoke, la sivyo itapasuka. Mabaki ya donge kata vipande vya gramu 30, vizungushe viwe kamba, vifunge fundo, vioke, kisha ndipo uvipakaze siagi yenye vitunguu saumu. Ukipaka kabla, saumu inaungua na kuwa chungu.

Madonge yanayozidi yagandishe baada ya siku ya kwanza ya friji, kila moja kwenye mfuko wake uliopakwa mafuta. Ya kwangu yanakaa mwezi bila shida. Usiku wa kuamkia siku ya kuoka yahamishie kwenye friji ya kawaida.

Ukijaribu, mkuu, rudi na picha. Lakini igeuze piza kwanza, upige ya chini.